Kiu ya Barabara ya Katana

Siku moja ya ujana wangu haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiinua kikombe cha maji inanirudia. Ilikuwa wakati wa vita, vile vya pili vya Kongo yetu, ambavyo sisi watu wa Bukavu tuliviingia kabla hatujamaliza kulia ya vile vya kwanza. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, wa kuolewa kabisa, lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao marehemu mama yangu aliuombea sana bila mafanikio: maswali. Niliuliza kila kitu. Kwa nini ziwa halijai na mito yote inaingia humo? Kwa nini padri anakunywa divai na sisi tunaangalia? Nilipigwa vibao vya mdomo kwa mambo hayo na sikupona. Hata leo mtoto akija kwangu na maswali yake, nampa kiti kwanza, ndipo namsalimu.

Habari yenyewe inaanzia kwa mama. Alikuwa na meza ya chumvi na sabuni pale soko la Nyawera. Siku hizo alikuwa amekwenda Katana kutafuta maharagwe, tumbo likamkamata huko huko, wakamkimbiza kwenye hospitali ya misheni, wakampasua. Tuliletewa habari na kijana mmoja wa baiskeli: mama ni mzima, lakini hana mtu wa kukaa naye. Nawe unajua mambo yetu. Hospitali inakupa kitanda na dawa, ila chakula, nguo safi na mkono wa kukugeuza kitandani vinatoka nyumbani. Baba alikuwa amefariki zamani. Tulibaki mimi na dada yangu Faida, ambaye mume wake alikwama Kisangani tangu barabara zifungwe. Faida alikuwa na mtoto mchanga wa kiume, Ombeni, asiyejua chakula kingine duniani isipokuwa ziwa la mama yake. Kwa hiyo tulikuwa watatu wa kwenda, tukimhesabu na huyo bwana mdogo mgongoni.

Magari yalikuwa ya kuhesabu. Mafuta hayakuonekana, na mwenye gari alilificha asije akalipoteza njiani. Watu walitembea kwa miguu, na wanawake wa Nyawera walitembea kwa kundi, wakipeleka chumvi na sabuni Katana na kurudi na maharagwe. Mkubwa wao alikuwa Maman Nabintu, rafiki wa mama tangu ujana wao. Mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, anayetembea kwa hatua ndefu utafikiri anadai barabara kitu. Jioni kabla ya safari alikuja nyumbani kukagua mizigo yetu. Alipima kila furushi kwa mkono, akafungua na kufunga upya la Faida, kisha akaiona bidoni yangu ndogo ya manjano niliyoijaza maji ya kuchemsha.

“Hii iko ya nini?”

“Ni mayi ya kunywa mu njia, maman.”

“Mu njia hakuna mwenye atakunywa. Kuanzia sasa tunakausha. Tutakunywa Kavumu, kwa ba masista.”

“Juu ya nini, maman?”

“Juu nimesema.”

“Na Faida? Yeye iko ananyonyesha.”

“Na Faida pia. Mayi utaibeba, itakuwa ya kuosha mutoto.” Kisha akamgeukia dada yangu. “Yaani, huyu mudogo wako hafungake kinywa?”

Faida akacheka, akasema sijawahi kukifunga tangu nizaliwe. Ndivyo yalivyokwisha. Kukausha, hilo ndilo neno lao, na wanawake wote wa kundi walilitaja kwa sauti ya chini, wakitazamana, kisha wakahamia mazungumzo mengine. Mimi kiu niliijua. Nilicheza basketi shuleni, na mwalimu wetu wa michezo alituambia kwamba maji katikati ya mazoezi yanafanya tumbo zito na miguu mizembe. Tulikuwa tunasukutua mdomo na kutema, tena tukijiona hodari. Siku zote nilitamani kujua ni nani aliyeyapima hayo, na aliyapima juu ya mguu wa nani. Lakini ya mwalimu yalikuwa ya uwanjani, na saa moja baadaye mtu yuko nyumbani kwao anakunywa. Haya ya Maman Nabintu yalikuwa ya siku nzima, mzigo kichwani, na kiangazi kimepamba moto.

Tuliondoka alfajiri. Ule ubaridi wa asubuhi wa Bukavu unadanganya sana, mwanangu, nakuomba ulikumbuke hilo. Unatembea unajiona huna haja ya chochote. Tulipanda, tukatelemka, tukapita kizuizi cha kwanza cha wanajeshi, tukaonyesha mizigo, wakachukua sabuni yao kama kawaida, tukaendelea. Jua lilipopanda vumbi nalo likaamka. Kila lori la jeshi lililotupita lilituacha weupe nywele na kope. Na upande wa kuume, kila mara barabara ilipofika mahali pa wazi, tuliliona Ziwa Kivu limetulia pale chini na maji yake yote. Nilianza kuliona kama linatusengenya.

Nilikuwa na bidoni juu ya furushi langu, na kila hatua niliyasikia maji yakigonga ndani. Nilijaribu kujishughulisha na mambo mengine. Nilitazama blauzi ya mama aliyekuwa mbele yangu, nikaona mgongoni imechorwa mistari myeupe. Nikafikiri ni chumvi ya mzigo wake imevuja. Nikajilamba mkono, nao ulikuwa na chumvi, ilhali mimi nilibeba unga na nguo. Nikawaza: chumvi hii inatoka ndani yangu? Na ikitoka, nani anairudisha? Nilitaka kumuuliza mtu, lakini midomo ilikuwa imekauka kiasi kwamba kuongea kulikuwa kazi, na kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza. Mama angejua kwamba kiu ndiyo dawa yangu, asingejisumbua na sala.

Tulipopita Mudaka nilianza kumwangalia Faida. Ombeni alilia, akapewa ziwa akiwa mgongoni kwa kuvutwa ubavuni, namna ile akina mama wanavyojua kunyonyesha huku wakitembea. Akanyonya, akaachia, akalia kwa hasira. Akapewa upande wa pili, akafanya vilevile. Baadaye akaacha kulia, na ukimya wake ulinitisha kuliko kelele. Faida naye alikuwa anatembea kama mtu anayepita juu ya gogo la mti, mguu mmoja huku, mwingine kule. Nikamkaribia yaya wangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

“Yaya, uko muzima?”

“Mama, ungoje,” akaniambia. “Ninakuya.”

Aliniita mama. Nikamshika mkono, nikakuta ngozi yake ni ya moto na kavu kabisa. Sisi wengine tulikuwa tumeloa, yeye hakuwa na hata tone. Nikajiuliza, jasho lake limekwenda wapi? Kabla sijapata jibu magoti yake yalikunjika. Nilimdaka yeye, mama mwingine akamdaka mtoto, furushi likaanguka na viazi vikatawanyika barabarani.

Tulimvuta chini ya mikaratusi pembeni mwa barabara, pembeni tu, hakuna aliyethubutu kuingia ndani hatua moja zaidi. Nilitua bidoni, nikamimina maji kwenye kikombe. Sikumtazama Maman Nabintu usoni. Kama angenipiga, angenipiga. Lakini hakunizuia, aliinama mwenyewe akamwinua Faida kichwa. “Kunywa, mutoto wangu,” akamwambia.

Faida akafumba mdomo.

Tulifikiri hajasikia. Nikamgusisha kikombe mdomoni, akageuza uso. Alianza kulia, sauti tu, machozi hayakutoka. Halafu akasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nasikia uchungu.

“Nikunywe, kisha niende wapi?”

 Nilitazama wale wanawake mmoja mmoja, wote walikuwa wanaangalia chini. Ndipo nilipoelewa kwamba kila mmoja wao alijua Faida anaogopa nini, na Faida mwenyewe alikuwa ameambiwa nyumbani, na mimi peke yangu, mwenye maswali yangu yote, sikuwa nimeambiwa. Dada yangu alikuwa anakufa mbele yangu na kikombe kiko mdomoni mwake. Mtoto wake alikuwa mikononi mwa mtu mwingine, amelegea, macho yamefunguka nusu. Nilisikia hasira, na hasira ilinirudishia ulimi.

“Maman Nabintu, tunaogopa mayi, ao tunaogopa pori? Juu mayi haiyakamata mutu hata siku moja.”

“Nyamaza, we mutoto!” akanikemea mama mmoja. “Hujue mambo.”

“Mumuache,” Maman Nabintu alisema. Akaketi chini, yeye ambaye hakuwa ameketi tangu alfajiri. “Anauliza vizuri. Ni sisi tunakataa kujibu.”

Alinieleza kwa maneno machache, nami nakueleza kwa machache kuliko yake. Mwamini, binti yake wa pili, alikuwa akitembea na kundi hilo. Siku moja, barabara hii hii, alisema anaenda pembeni kujisaidia. Wenzake walifanya kama tunavyofundishwa wote tangu utoto: waligeuka, wakampa nafasi, wakaongea kwa sauti mambo ya bei ya chumvi ili asione haya. Kulikuwa na watu wenye silaha ndani ya miti. Mwamini alirudi siku ya pili yake, kwa miguu yake mwenyewe, hai. Tangu hapo alikuwa amekaa nyumbani Nyawera, hasemi, haendi hata kisimani.

“Tulimugeuzia mugongo,” Maman Nabintu alisema. “Si ni heshima? Mutu akienda pembeni, unageuka. Kama kulikuwa hata mumoja mwenye alisimama karibu yake, angepiga kelele, angetuita. Lakini tulikuwa mbali, tunaongea chumvi. Nikarudi nyumba, nikasema basi, hakuna tena mwenye atakunywa, hakuna tena mwenye ataenda pembeni.”

 Swali lililofuata lilitoka lenyewe, wala sikulitafuta: “Sasa tukimugeuzia mugongo karibu?”

Maman Nabintu alinitazama. Kisha akasimama na kuanza kufungua kikwembe chake cha juu, kile cha pili ambacho mama wa kwetu anafunga juu ya cha kwanza. Akakikung’uta vumbi. Yule mama aliyenikemea alielewa, naye akafungua chake, kisha wa tatu, na wote. Walisimama duara ukingoni mwa barabara, pale pale penye macho ya watu, migongo ndani, nyuso nje, kila mmoja ameshika ncha ya kikwembe chake na ncha ya mwenzake. Heshima ilikuwa ile ile, migongo ile ile, ila sasa mtu angeweza kuigusa.

Lakini Faida bado alifumba mdomo. Barabarani? Mchana? Mbele ya rafiki wa mama yake? Usicheke, mwanangu. Kwetu mtu alikuwa tayari kuzimia kuliko kukojoa mahali ambapo mkubwa wake anaweza kusikia. Hiyo aibu nayo ilikuwa inaua, ilikuwa tu haina bunduki.

Basi Maman Nabintu alichukua kikombe mkononi mwangu. Akanywa chote. Akaomba kingine, akakimaliza pia, maji yanamtelemka kidevuni, ukaona jinsi mwili ule mkavu ulivyokuwa unayataka tangu asubuhi. Akamwambia Faida: “Angalia mimi, muzee wako.” Akaingia ndani ya duara.

Hapo hapo akatokea mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye ndizi. Alipoona ukuta wa vikwembe katikati ya safari yake alisimama, amepigwa na butwaa, hajui aamkie ama arudi alikotoka.

“Upite tu, papa!” sauti ya Maman Nabintu ikatoka ndani. “Apa ni bureau yangu!”

Mzee aliivulia ofisi hiyo kofia, akageuza uso upande wa ziwa, akapita na ndizi zake haraka sana. Yule mama wa kunikemea alianza kutingishika kwa kicheko, kikwembe kikatingishika naye, wenzake wakamfokea ashike vizuri, nao wenyewe wakacheka. Na Faida, mwanangu, Faida alitabasamu. Nilimpeleka kikombe mdomoni kabla tabasamu halijaisha, akanywa.

Nilitaka ameze chote kwa mara moja. Maman Nabintu alitoka akaninyang’anya, akamnywesha kidogo kidogo, anapumzisha, anampa tena. Tulilowesha kitambaa tukampangusa shingo na kwapa. Tulikaa pale hadi jua likaanza kuegemea, na mimi kazi yangu ilikuwa kumwangalia ngozi. Nilipoona kijasho chembamba juu ya mdomo wake nilipiga kelele utafikiri nimeona treni. Baadaye akalia tena, na safari hii machozi yalitoka. Mizigo yake tuligawana, tukatembea polepole, na kila mmoja wetu akanywa. Karibu na Kavumu dada yangu alisema kwa aibu kwamba anahitaji duara. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia jambo lile namna ile. Waliimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa ili asisikilizwe, wakaupiga hadi ubeti wa mwisho. Jioni, kwa masista, Ombeni alinyonya, akanyamaza, akalala na ziwa mdomoni.

Katana tulifika siku ya pili yake. Mama alikuwa amekonda lakini ulimi ulikuwa mzima. Tulipomweleza alishika kidonda chake kwa mkono, akatuambia tusimchekeshe maana nyuzi zitakatika, kisha yeye ndiye aliyelia. “Mulibeba mayi kichwa, na munakufa kiu?” alisema. “Mungenizika mimi kwanza, ndiyo mufanye bujinga kama hiyo.” Ndiyo karipio pekee nililolipata safari ile, na halikuwa langu peke yangu.

Nami nilikuwa nimepata mtu wa maswali yangu. Kulikuwa na mwuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye subira, nilimfuata kutoka kitanda hadi kitanda. Chumvi ya mkononi inatoka wapi? Akaniambia ni ya mwilini, inatoka na jasho, na mtu anayetoka jasho jingi airudishe kwa chakula. Kwa nini jasho la Faida liliisha? Kwa sababu mwili ulikuwa umepungukiwa mno, hauna tena cha kujipozea, na hapo ndipo pa kukimbilia kivuli na msaada bila kuchelewa. Na maziwa? Hofu, uchovu na kiu vikikutana juu ya mama anayenyonyesha, mtoto ndiye anayejua wa kwanza. Kiu inakuja lini? Alicheka. Akasema inakuja baada ya mwili kuwa tayari umeanza kukauka, kwa hiyo anayeingoja amechelewa. Basi mtu ajue kwa kitu gani kingine? Akanionyesha ndoo ya choo ya wagonjwa, jambo ambalo mama yangu hakulipenda kabisa, akanifundisha rangi: mkojo mwepesi kama chai iliyotiwa maji mengi ni salama, ukiwa mzito na wa kahawia, kunywa maji sasa hivi. Alinifundisha pia maji ya sukari na chumvi kwa mtu anayeharisha. Chumvi, alisema, iwe kidogo. Uonje, na yasizidi machozi kwa ukali.

Ungedhani habari inakwisha hapo. Kwangu mimi haiishi hapo, kwa maana nilirudi kwenye barabara ile mara nyingi na kundi la Maman Nabintu. Kukausha kulikoma. Kila mtu alibeba chupa yake ya maji ya kuchemsha, na hakuna aliyekwenda pembeni peke yake, hata bibi wa kundi, hata mwenye haya kuliko wote. Makundi mengine yalituona, kwanza yakacheka, kisha yakafanya vilevile.

Halafu asubuhi moja, tukiwa tunafunga mizigo Nyawera, Mwamini alikuja. Alikuwa amejifunga vikwembe viwili. Mama yake alimpa tu furushi dogo, naye akatembea nasi katikati ya kundi, macho chini. Tulipofika kwenye mikaratusi mmoja wetu aliomba duara. Mwamini alifungua kikwembe chake cha juu, akaja kusimama kati yangu na mama yake, akashika ncha zote mbili. Aliangalia ndani ya ile miti muda wote, hakupepesa.  Mwenzetu alipomaliza, Mwamini aligeuka kwangu.

“Munipe mayi,” alisema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia kwake. Alikunywa kikombe kizima, amesimama, na Maman Nabintu akajifanya anakaza kamba ya mzigo wake ili tusimwone analia. Mimi sikujifanya, nililia wazi.

Nimekueleza yote hayo, mwanangu, kwa sababu ninakaa hapa Muhumba karibu na uwanja, na jioni nakuja kuangalia nyinyi wasichana mkicheza. Hakuna aliyenialika, najua. Lakini macho ninayo. Naona mnavyokimbia, naona mnavyosukutua na kutema, kumbe yale ya mwalimu wetu bado yanaishi! Naona chupa za maji mlizopewa na mama zenu zinarudi nyumbani zimejaa. Nikamuuliza mmoja wenu, akaniambia choo cha uwanja hakina mlango, na wavulana wanakaa pale ukutani. Basi nikaelewa. Vita vimewaachia urithi hata nyinyi ambao mlikuwa hamjazaliwa.

Kwa hiyo nisikilize. Kunywa asubuhi ukiamka, kabla ya chai, na tena wakati wa mchana, hata kukiwa na baridi, maana hali ya hewa ya mji huu inakuambia huna kiu wakati unayo. Kabla ya mazoezi kunywa. Katikati ya mazoezi kunywa kidogo kidogo, na mwalimu akikukataza mwambie kuna bibi anataka kuongea naye. Ukimaliza kunywa tena, na ule kitu chenye chumvi kidogo kama umeloa jasho kweli. Usinywe ndoo nzima kwa mashindano, huo nao ni ujinga, mwili unadhurika kwa wingi kama kwa uchache. Uji ni maji, mchuzi ni maji, bia siyo. Yachemshe, usidanganywe na uzuri wa ziwa. Mwenzako akikosa jasho kwenye jua, akikuita jina la mtu mwingine, msimamishe, mweke kivulini, mnyweshe taratibu kama bado anaweza kumeza, mtafutie mwuguzi. Na sisi wazee mtuletee maji bila kungoja tuombe, maana umri unatusahaulisha kiu.

Lakini hayo yote utayasoma hata ukutani kwenye kituo cha afya. Langu mimi ni hili: ukimwona mtu hanywi, usimhubirie. Muulize ataenda wapi. Kama hana pa kwenda, nenda naye, simama karibu, mgeuzie mgongo kwa umbali wa mkono mmoja. Mkisimama wawili mlango umepatikana, na mimi mkinihitaji nipo, miguu inauma lakini mgongo bado ni mpana.

Mungu akupe maji safi kila siku ya maisha yako. Jasho lako liwe la mchezo na la kazi, lisiwe la kukimbia watu. Akujalie watoto wanaoshiba na marafiki wanaokusitiri, na siku ukisema unaenda pembeni, asikosekane mtu wa kusema, “Tuende wote.”